Injini Ikitoka, Hesabu Inaingia

Kuing'oa injini ya glo kwenye ndege ya rimoti ni kazi ya bolti nne. Unafungua kitako, unachomoa mpira wa mafuta, unatenganisha kifimbo kinachokwenda kwenye kabureta, na injini iko mkononi, bado inanuka mafuta. Kufunga mota ya umeme mahali pake nayo ni kazi ya bolti nne. Ndiyo maana watu hudhani mageuzi yote ni kazi ya alasiri moja, na ndiyo maana kuna wanaounguza mota siku ileile ya kwanza.

Injini ikitoka, hutoka pamoja na kitu kisichoonekana kwa macho: kizuizi chake cha asili. Injini ya glo ina kikomo chake na inakitetea yenyewe. Mota ya umeme haikitetei. Mzigo huo unahamia kwa mwenye ndege, naye ataubeba kwa mizani, kwa hesabu chache za kuzidisha na kugawanya, na kwa mita. Katika sura hii tutafuata treina ya kawaida, yaani ndege ya kujifunzia: bawa la juu, urefu wa mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, mwili wa balsa na plaiwudi, iliyojengwa kwa injini ya 40. Namba hiyo 40 ni inchi za ujazo 0.40, karibu sentimita za ujazo 6.5.

Injini inayokataa, mota isiyokataa

Injini hizi zilipata sura yake ya leo mwaka 1947, Mmarekani Ray Arden alipoanza kuuza plagi yenye koili ya waya mwembamba wa platini. Kabla ya hapo, ndege ndogo ilibidi ibebe koili, kondensa na betri kwa ajili ya cheche tu. Plagi ya glo iliviondoa vyote. Unaipasha moto kwa betri ya volti 1.5 mpaka waya uwe mwekundu, unazungusha propela, na injini ikishika unaiondoa betri. Tangu hapo methanoli inapokutana na platini huzaa joto la kutosha kuuweka waya ukiwaka, mzunguko hadi mzunguko, bila umeme wowote.

Mafuta yake hayapatikani kituo cha petroli. Ni methanoli, nitromethani kidogo ya kuongeza nguvu, na mafuta ya kulainisha yanayokaribia sehemu ya tano ya mchanganyiko, ya mbarika au ya kutengenezwa kiwandani. Mafuta hayo ya kulainisha hayaungui yakaisha. Hutoka kwenye eksozi na kuupaka ubavu wote wa ndege, hivyo kila siku ya kurusha humalizika kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Sasa tazama inavyokuwa ukiifunga injini hiyo propela iliyoizidi. Mizunguko inashuka, na kwa kuwa nguvu yake hutegemea mizunguko, nguvu nayo inashuka. Inapata joto, inakohoa, inazima. Ni kama punda: ukimzidishia mzigo, anasimama, na hakuna fimbo itakayombadilisha mawazo.

Mota haina tabia hiyo. Inapozunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na zile za betri, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoamua ampea ngapi zipite. Ukiifunga propela kubwa, mota inapungua kasi kidogo, upinzani wake unapungua, na ampea zinaongezeka. Ukifunga kubwa zaidi, inavuta zaidi. Haikohoi wala haizimi. Itaendelea kutii mpaka vanishi ya nyaya zake iungue, au kidhibiti mwendo, kilicho kati yake na betri, kitoe moshi, au betri ivimbe. Kila hatua inayofuata katika sura hii inatokana na tofauti hiyo moja.

Miaka arobaini ya kungoja betri

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 30 Juni 1957, huko Uingereza, Kanali H. J. Taplin aliirusha ndege yake iliyoitwa Radio Queen kwa mota ya umeme na betri ya fedha na zinki, akiiongoza kwa redio. Mwaka huohuo Mjerumani Fred Militky alikuwa akirusha ndege ndogo za umeme zisizoongozwa, na mwaka 1960 kampuni ya Graupner ikaanza kuuza moja ya ndege zake, Silentius. Militky hakuishia kwenye ndege ndogo. Tarehe 21 Oktoba 1973, huko Austria, Heino Brditschka alipaa ndani ya MB-E1, ndege ya mtu mmoja ambayo yeye na Militky waliiondoa injini na kuiwekea mota na betri za nikeli na kadimi. Ndege ya kwanza ya umeme kubeba mtu, kwa hiyo, ilikuwa nayo ni ndege iliyobadilishwa.

Hata hivyo, kwa miongo mingi wenye injini za glo walikuwa na haki ya kuwacheka wenzao wa umeme. Kilo moja ya methanoli ina nishati ya karibu kilowati-saa 5.5, ilhali hata betri nzuri ya leo ya lithiamu polima haizidi sana 0.15. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto na kelele, lakini pengo lilikuwa pana mno kwa betri za nikeli kuliziba. Treina yetu ingepaa kwa tabu na kushuka upesi.

Mambo mawili yaligeuza hali. La kwanza ni sumaku za neodimi, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na General Motors ya Marekani na Sumitomo ya Japani, kila kampuni kwa njia yake. Sumaku hizo ziliwezesha mota ndogo, isiyo na brashi, kutoa nguvu kubwa bila kuwa nzito. La pili ni betri za lithiamu. Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zile za polima, nyepesi na zenye uwezo wa kumwaga ampea nyingi kwa wakati mmoja, zikawafikia warusha ndege. Wakati huohuo mafundi wa nyumbani walikuwa wakifungua visoma-CD vilivyokufa, wakisuka upya koili za mota zake na kubandika sumaku za neodimi ndani ya kikombe kinachozunguka. Mota za kununua tunazofunga leo, ambazo ganda lake la nje ndilo linalozunguka, ni za ukoo huo.

Anza na mizani

Usinunue chochote kabla ya kupima uzito. Ipime ndege ikiwa kamili bila mafuta, kisha pima kila unachokitoa. Injini ya ukubwa huu pamoja na eksozi yake inakaribia nusu kilo. Ongeza kitako cha injini, tangi, sevo ya kabureta na betri ndogo ya risiva, na unafika karibu gramu 700. Tangi likijaa huongeza kama gramu 250 nyingine.

Kisha pima vinavyoingia: mota, gramu 270 hivi, kidhibiti mwendo, 60, kisanduku cha kubebea mota, 60, betri ya seli nne yenye uwezo wa miliampea-saa 4,000, zaidi kidogo ya 400. Jumla ni kama gramu 800. Maana yake, treina iliyokuwa kilo 2.4 bila mafuta sasa ni kilo 2.5. Itapaa ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa na tangi lililojaa, na itatua ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa na tangi tupu, kwa sababu betri iliyoisha chaji haipungui uzito. Bawa lilelile linabeba vyote viwili bila shida.

Uzito ndio unaotoa wati. Kanuni ambayo wengi huanza nayo ni wati 220 kwa kila kilo kwa treina na ndege tulivu, na zaidi ya 330 kwa ndege ya michezo mikali angani. Kwa kilo 2.5 tunapata wati 550. Lenga 650, upate akiba ya kupaa kwenye nyasi au kuinua pua upepo ukibadilika.

Wati ni volti mara ampea. Seli moja ya lithiamu polima ni volti 3.7, na nne zilizofuatana ni 14.8, zinazoshuka hadi kama 14 mota ikivuta. Gawanya 650 kwa 14 na unapata ampea 46. Namba hiyo moja inakuchagulia vitu viwili. Kidhibiti mwendo kiwe cha ampea 60, kwa sababu kinachofanya kazi kwenye kikomo chake kila siku hakidumu. Betri ya ampea-saa 4 inayotoa ampea 46 inafanya kazi kwa takriban mara kumi na mbili ya uwezo wake, kwa hiyo iliyoandikwa 25C, yaani mara 25, inatosha, ukikumbuka kwamba namba za kwenye kibandiko huwa zimetiwa chumvi.

Propela ndiyo mteja

Kwenye mota utaona namba inayofuatwa na herufi Kv. Hiyo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya Kv 770 kwenye volti 14 ingezunguka karibu mara 10,800 bila propela. Ikiwa na propela, tarajia kama robo tatu hadi sehemu nne kwa tano za hapo, yaani karibu 8,100 hadi 8,600.

Hapa wanaotoka kwenye glo hukosea, kwa kuwa wamezoea propela ya inchi 10 kwa 6 ikizunguka zaidi ya mara 12,000 na wanataka kuendelea nayo. Injini ya glo inapenda kasi kwa sababu nguvu yake iko juu huko. Mota haina upendeleo huo, na propela pana inayozunguka polepole huvuta hewa vizuri zaidi kwenye ndege ya mwendo wa wastani. Kwa mota yetu anza na propela ya inchi 12 kwa 6, ukiwa na ya 13 kwa 6.5 pembeni. Chagua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya umeme, ambazo ni nyembamba na nyepesi. Usiwahi kuzifunga kwenye injini ya glo, kwani hazikuundwa kustahimili mapigo yake.

Propela ndiyo inayoamua mota ivute kiasi gani, na haiamui kwa upole. Nguvu inayohitajika hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Kutoka inchi 12 hadi 13 macho yanaona tofauti ya kidole, lakini hesabu inaona ongezeko la asilimia 38 kama kasi isingebadilika. Kwa uhalisia mota inashuka kasi kidogo, kwa hiyo ongezeko ni dogo kuliko hilo, lakini linatosha kuitoa treina yetu kwenye wati 530 na kuifikisha 650. Inchi moja nyingine tena, na kidhibiti cha ampea 60 kimeanza kuumia. Hakikisha pia kwamba propela mpya haigusi ardhi ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu na mkia ukiwa juu.

Kazi ya mikono

Ukiitoa injini utakuta ubao wa mbele una rangi ya chai. Hayo ni mafuta ya miaka yote yaliyoingia kwenye mbao, na hakuna gundi itakayoshika juu yake, iwe epoksi au nyingine yoyote. Futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha koroga konifulawa na spiriti mpaka iwe uji mzito, paka sehemu yote iliyolowa, uache ukauke. Spiriti ikipotea hewani, unga hufyonza mafuta na kugeuka njano. Sugua kwa brashi na urudie, mpaka unga ukauke ukiwa mweupe kama ulivyopakwa. Sehemu za balsa zilizolainika kama mkate uliolowa kata uziondoe, uweke mbao mpya. Spiriti inashika moto, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko.

Mota ni fupi kuliko injini, hivyo ukiifunga moja kwa moja kwenye ubao, propela itaingia ndani ya pua. Jenga kisanduku cha plaiwudi, au tumia nguzo nne za alumini, ili bamba la propela lirudi palepale lilipokuwa. Chunguza vilevile pembe. Ubao wa treina nyingi umeelekezwa kidogo kulia na chini ili kupunguza tabia ya pua kukimbilia kushoto na juu unapoongeza nguvu. Propela inazunguka upande uleule kama zamani, kwa hiyo pembe hizo bado zinahitajika. Ukikuta mota inazunguka kinyume, badilisha nafasi za nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazotoka kwenye kidhibiti.

Chumba cha tangi kinakuwa chumba cha betri. Tatizo ni mlango. Tangi lilikaa humo miezi, wakati betri inatoka kila baada ya mruko. Kata mfuniko juu ya pua, mbele ya bawa, uushike kwa sumaku na kijiti, kisha uimarishe kingo kwa vipande vya plaiwudi, kwani umekata ukuta uliokuwa ukibeba nguvu. Ndani weka sakafu ndefu yenye velkro na mikanda miwili. Urefu huo una kazi yake: kitovu cha uzito kinabaki palepale kwenye mchoro wa ndege, kwa treina nyingi karibu asilimia 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, na utakipata kwa kusogeza betri mbele au nyuma. Ukijikuta unaongeza vipande vya risasi puani, ujue betri inaweza kusogea zaidi.

Faida moja inapatikana bila kuitafuta. Tangi lilikuwa mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo ndege ya glo ilizidi kuwa nzito mkiani kadiri ilivyoruka. Ya umeme inatua na mizani ileile iliyopaa nayo.

Hewa nayo inahitaji njia. Mota, kidhibiti na betri vyote hupoa kwa hewa inayoingia puani, na hewa isipopata pa kutokea haiingii. Toboa nyuma, chini ya mkia au ubavuni, tundu lenye ukubwa unaofika mara mbili ya lile la mbele. Mwisho, vidhibiti vingi vina saketi ya kulisha risiva na sevo kwa volti 5, ndiyo maana ile betri ndogo imetoka. Hakikisha saketi hiyo inazimudu sevo zote zilizobaki zikifanya kazi pamoja, maana ikizidiwa, ndege haisikii tena amri yoyote.

Mali bila daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na ampea ndizo mali ya ndege hii. Mita ya wati ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya betri na kidhibiti, na bei yake ni ndogo kuliko ya mota moja iliyoungua. Fungia ndege kwenye meza imara kwa mikanda au mwombe mtu aishike kutoka nyuma ya bawa, mkae wote nyuma ya propela, betri ikiwa imejaa. Ongeza mwendo taratibu huku ukitazama mita. Ikipita kikomo kabla hujafika juu, rudisha chini mara moja na ufunge propela ndogo. Ikifika juu ikiwa chini ya kikomo, shikilia sekunde chache tu, soma, zima. Kisha gusa mota, kidhibiti na betri. Kinachovumilika mkononi kiko sawa. Kile kinachokufanya uondoe kidole kinahitaji hewa zaidi au propela ndogo zaidi. Andika tarehe, propela, volti, ampea na wati.

Kuna mazoea mawili ya kuacha. Injini ya glo isipowashwa ni chuma kilicholala, lakini mota huwa macho tangu betri inapochomekwa, na kijiti cha mwendo kwenye rimoti kikiguswa na kiwiko, propela inakata vidole. Kazi zote za karakana zifanyike propela ikiwa imetolewa. Uwanjani, rimoti inawashwa kwanza, kijiti kikiwa chini kabisa, na betri huchomekwa mwisho. Weka pia kwenye redio amri kwamba mawasiliano yakikatika, mota izime.

Zoea la pili ni la kuacha mafuta yabaki kwenye chupa mpaka wiki ijayo. Betri ya lithiamu polima haihifadhiwi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Inahifadhiwa kwenye volti 3.8 kwa seli. Ichaji kwa ampea zisizozidi uwezo wake, 4 kwa betri ya ampea-saa 4, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, na mtu akiwa karibu. Iliyovimba haitumiki tena.

Dakika, na mahali

Mita inakupa hali ya juu kabisa, lakini angani treina hutumia karibu nusu ya hapo. Panga kutumia asilimia 80 tu ya betri, yaani miliampea-saa 3,200. Kwa wastani wa ampea 20 hizo ni kama dakika tisa na nusu. Usiamini hesabu hiyo mara ya kwanza. Weka saa kwenye rimoti ilie baada ya dakika sita, tua, kisha tazama chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha 2,000, unaweza kuongeza dakika. Ikirudisha 3,400, punguza. Baada ya miruko michache utakuwa na dakika zako, zinazolingana na mkono wako na upepo wa uwanja wako.

Mahali nako kuna hesabu yake. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina karibu asilimia 85 ya uzito wa hewa ya pwani. Injini ya glo huko juu inadhoofika kwa kukosa oksijeni, na dawa yake ni kupunguza mafuta kwenye sindano. Mota haihitaji oksijeni, ila propela yake inakuta hewa nyepesi na ampea zinapungua, na mrushaji mwerevu anafunga propela kubwa zaidi mpaka mita irudi 46. Mpaka hapo hajakosea popote.

Mtu huyohuyo akishuka Mombasa na ndege yake ya glo, injini inapata nguvu zaidi na kikubwa anachopaswa kufanya ni kuongeza mafuta kwenye sindano. Akishuka na ile ya umeme, propela iliyomfaa Nairobi inakutana na hewa nzito, na mota, bila kulalamika, inavuta ampea za ziada zinazoweza kufika sehemu ya kumi au zaidi. Joto la pwani linazidisha, kwa kuwa hewa inayopaswa kupoza kidhibiti nayo ni ya moto. Kilichokuwa na akiba sasa hakina. Kwa hiyo ukibadilisha propela, betri, boneti au mji, rudisha mita mahali pake na upime upya kabla ya kuiacha ndege ipae.